Je, mbwa anajua amekosea, au anajua tu kwamba umekasirika?

Mikindani, ng'onda wakishaanikwa uchanjani, kuna kesi isiyokwisha. Mama ametoka mara moja kwenda dukani, akirudi samaki mmoja hayupo. Mbwa wa nyumba yuko kando ya ukuta, masikio kayalaza, mkia kaufyata, macho anayakwepesha. "Mwoneni huyo! Anajua alichokifanya." Hukumu imeshatoka, na mshtakiwa mwenyewe anaonekana kama amekiri.

Swali ni kama amekiri kweli. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz, wa Chuo cha Barnard huko New York, alilitegea mtego. Aliwachukua mbwa 14 pamoja na wenye mbwa hao. Mtu anamwonyesha mbwa wake kitafunwa, anamkataza asikiguse, halafu anatoka chumbani. Huku nyuma, safari nyingine mbwa alipewa kile kitafunwa akala, safari nyingine kiliondolewa hata hajakilamba. Mwenye mbwa akirudi anaambiwa amekula au hakula, na wakati mwingine anadanganywa makusudi.

Ile sura ya majuto haikufuata kosa, ilifuata makaripio. Mbwa aliyegombezwa alijikunyata, awe amekula au hakula. Waliojikunyata zaidi ni wale ambao hawakula kitu na bado wakafokewa. Kwa hiyo yule wa Mikindani pengine hana habari kabisa na ng'onda. Amemsoma mama tangu anafungua mlango, na huenda paka wa jirani ndiye aliyelala ameshiba.

Wapo wanaosikia haya wakasema basi mbwa hana akili. Mimi naona ni kinyume chake. Kumsoma binadamu kabla hajatamka neno ni kazi ngumu, na hata sisi wenyewe wengi inatushinda.

Anasomaje? Sauti ina sehemu kubwa. Watafiti wa Budapest, Hungaria, waliwafundisha mbwa 13 kulala tuli ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, bila kufungwa, kisha wakawasikilizisha sauti ya mwalimu wao. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Sehemu za ubongo zinazohusika na kufurahia tuzo ziliamka pale tu maneno ya sifa yaliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti kavu halikuziamsha, wala neno la kawaida lililotiwa utamu. Kumbe "safi sana" ya kununa mbwa haimpati.

Macho nayo yamo. Mwaka 2015 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba mbwa wanaweza kujifunza kutofautisha sura ya mtu aliyefurahi na ya aliyekasirika, hata wakionyeshwa nusu ya uso tu. Mwaka huohuo Wajapani walipima homoni ya oksitosini, ileile inayopanda kwa mama anayenyonyesha. Mbwa na mwenye mbwa wakitazamana kwa muda mrefu, ilipanda kwa wote wawili. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu haikuwa hivyo.

Halafu kuna pua, na hapo ndipo penye maajabu. Huko Belfast watu walipewa hesabu ya kichwa ya kuudhi: kuhesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 9,000, kila mara ukitoa 17. Jasho na pumzi yao vilichukuliwa kabla na baada ya hesabu hiyo. Mbwa wanne waliofunzwa kunusa walipatia sampuli ya baada, ile ya mtu aliyebanwa na mawazo, kwa zaidi ya asilimia 93. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Kwa hiyo unaweza kuficha msongo wa mawazo usoni, lakini mwili wako unatoa harufu yake.

Mtu wa Tandahimba au Nachingwea atauliza: hao si mbwa wa Ulaya wanaolala kwenye makochi? Wetu ni koko. Wanalinda shamba la muhogo dhidi ya nguruwe pori na ngedere, wanalala uani, na katika nyumba nyingi za Waislamu mate yao ni najisi, ingawa kumfuga mbwa wa ulinzi au wa shamba kunaruhusiwa. Ni hoja ya haki. Lakini huko India walipimwa mbwa wa mitaani, wasio na mwenyewe wala mafunzo, na wengi wa waliothubutu kusogea walifuata kidole cha mtu asiyewajua kilipoelekeza. Sauti, mwendo na harufu havihitaji kochi. Mbwa na binadamu wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka 14,000, na mbwa koko wetu wametoka katika historia hiyohiyo.

Kwa anayefuga, hapa kuna jambo la kufanyia kazi. Kumchapa mbwa wakati saa nzima imeshapita tangu akosee hakumfundishi chochote kuhusu samaki. Kunamfundisha kwamba ukirudi nyumbani huwa hatari. Ukimkuta mdomo uko uchanjani, mkataze papo hapo. Ukichelewa, umechelewa.

Upande wetu wa kusoma ndio dhaifu. Tunaamini mkia ukitikisika ni furaha, kumbe hata mbwa mwenye wasiwasi huutikisa. Akikakamaa mwili, akajilamba mdomo bila chakula, akageuza uso mpaka weupe wa jicho ukaonekana, anaomba nafasi. Watoto ndio huumwa zaidi kwa kutoliona hilo.

Na si kila badiliko ni hisia. Mbwa mpole akianza ghafla kuuma ovyo, kudondosha mate au kushindwa kumeza, usitafute amekasirikia nini. Huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.