PM2.5: hiyo 2.5 ni ukubwa, si kiasi

Tangu simu zianze kuonyesha usafi wa hewa, vikao vya wazazi havikosi mtu wa kusimama na kusema, "PM ya uwanja wetu ni 2.5, haijafika kubaya." Jamani, hakuna kitu kama hicho.

PM2.5 ni chembechembe zinazoelea hewani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele wako una kama 70. Hiyo 2.5 haipandi wala haishuki. Kinachopanda na kushuka ni uzito wa chembe hizo, unaohesabiwa kwa mikrogramu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zisizidi 5 kwa wastani wa mwaka na 15 kwa wastani wa saa 24. Na ile namba yenye rangi unayoiona kwenye simu ni alama tu, imekokotolewa kutokana na mikrogramu. Kwa mfumo wa Marekani, alama 50 bado ni kijani. Mikrogramu 50 ni rangi ya chungwa.

Mbona 2.5? Zamani Marekani ilipima karibu kila kinachoelea, vumbi zito likiwemo. Mwaka 1987 ikahamia PM10, yaani chembe zisizozidi mikromita 10, maana chembe kubwa kuliko hizo nyingi huishia puani na kooni. Mwaka 1997 ikaongeza PM2.5, kwa kuwa hizi ndogo hufika mpaka kwenye vifukohewa vya mapafu.

Hapo ndipo tunapochanganya mambo. Vumbi la uwanjani, lile linalotimka watoto wakigombania mpira na kuganda kwenye soksi, sehemu kubwa ni chembe nene. Linakera, linaweza kuamsha pumu, na kulimwagia maji kunasaidia. PM2.5 nyingi hutokana na kitu kilichoungua: dizeli ya malori, mkaa, na (hili ndilo linaloniudhi) shimo la taka nyuma ya goli. Asubuhi wanafunzi wamefagia majani, yamechanganyika na makaratasi na mifuko ya plastiki, moto umewashwa. Saa nne kengele ya mapumziko inalia. Moshi mwembamba unakatiza golini, watoto wanakimbia huku wanahema kwa mdomo, na pembeni wenzao wametumwa na ndoo kulowesha uwanja "ili hewa iwe safi". Ndoo hizo zingeanza na lile shimo. Au lisiwashwe kabisa, na majani yakaozeshwe yawe mbolea ya bustani ya shule.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kikao kijacho usiulize kama PM imefika 2.5. Uliza PM2.5 ilikuwa mikrogramu ngapi, ni wastani wa saa ngapi, na kipimo kiliwekwa wapi: ofisini kwa mwalimu mkuu, au kule golini?