Mwongozo wa mpiga kura: "kutoegemea" ni kufanya nini khasa?

Alasiri moja barzani kwetu Wete, Pemba, kijana wa jirani alinionesha karatasi kwenye simu yake. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: Mwongozo Huru wa Mpiga Kura, Usioegemea Upande Wowote. Chini yake wagombea watatu wa uwakilishi. Wa kwanza ana picha ya studio, kanzu imenyooka pasi, na mistari tisa ya mambo aliyoyafanya. Wa pili picha yake imekatwa kutoka mkutanoni, mdomo wazi na mkono hewani, na mistari miwili tu. Wa tatu hana picha, na mbele ya jina lake pameandikwa "hakupatikana". Nikamuuliza kijana nani aliyemtafuta huyu wa tatu akamkosa, na jimbo lenyewe mtu analimaliza kwa baskeli. Hakujua. Ami yake, kaegemea nguzo na kikombe cha kahawa mkononi, akasema: "Makaratasi hayo mie ya nini? Nishaongoka zamani. Na huyo anayesema haegemei upande ni popo, si ndege si mnyama."

Maneno ya ami yana makosa mawili ninayoyasikia kila msimu wa uchaguzi, na la tatu lilikuwa kwenye ile simu.

Maana yenyewe ni fupi. Mwongozo wa mpiga kura usioegemea upande ni andiko linalowauliza wagombea wote wa nafasi moja maswali yale yale, likaweka majibu yao kwa maneno yao wenyewe na kwa nafasi iliyo sawa, bila ya kumwambia msomaji amchague nani. Si elimu ya mpiga kura, ambayo hukufundisha kituo kinafunguliwa saa ngapi, uende na kitambulisho gani na karatasi uikunje vipi. Kazi hiyo kwetu inasimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Wala si ilani, ambayo chama hujitangazia chenyewe, na neno lenyewe tulilitoa katika Kiarabu likiwa na maana ya tangazo.

Sasa tuje kwenye neno mwongozo, maana taabu inaanzia hapo. Shina lake ni ongoa, kunyoosha kitu au mtu akae kwenye njia iliyo sawa. Aliyeongolewa ameongoka, na hali yake ni uongofu. Neno hili tunalo kinywani kila siku kwa jambo zito kuliko siasa: katika rakaa 17 za faradhi, kila moja ina ombi la kuongozwa njia iliyonyooka. Njia hiyo ni moja. Hakuna Muislamu anayesoma Fatiha akaomba aorodheshewe njia tatu ili apime. Kwa hivyo ami aliposema "nishaongoka", hakuwa akifanya mzaha. Sikio lake lilisikia mwongozo likaelewa kwamba kuna mtu anataka kumuonesha njia iliyo ya haki, na yeye njia yake anayo tangu ujana.

Siasa nayo ikaongeza. Watu wa umri wake neno hili walilikuta kama jina la waraka wa chama. TANU ilitoa Mwongozo mwaka 1971, na baada ya TANU na ASP kuungana Februari 1977, CCM nayo ikatoa Mwongozo wake mwaka 1981. Nyaraka hizo ziliongoza kweli: chama kilikuwa kimoja, na kilikuwa kikiwaambia wanachama na viongozi nini kifanywe. Neno lilifanya kazi yake sawasawa. Lakini mtu aliyelelewa na maana hiyo, leo ukimpa karatasi iitwayo mwongozo, atatafuta kwanza nembo ya aliyeitoa, na ana haki ya kuitafuta.

Wako wanaotaka tuliache neno tuseme "taarifa za wagombea" tu. Mimi siafiki, kwa sababu kuongoza kuna sura nyengine tunayoijua vizuri sisi watu wa baharini. Kule Ras Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, upo mnara wa kuongozea meli. Mnara haumuulizi nahodha kama anakwenda Tanga au Mombasa. Unamuonesha ncha ya kisiwa iko wapi, asije akapanda mwamba usiku, na safari inabaki yake. Mwongozo wa mpiga kura ni wa namna hiyo. Safari ni ya mwenye chombo.

Na kura? Hili ndilo linalonishughulisha zaidi. Kura ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kuteua kwa bahati. Katika kisa cha Nabii Yunus, kura ilipigwa chomboni kujua nani atoswe, ikamwangukia yeye. Hadi leo akina mama wanapoanza upatu hukunja vikaratasi vyenye namba, wakavitikisa bakulini, na kila mmoja akachukua chake: hiyo ni kupiga kura, na anayetangulia kupokea hakuchaguliwa na mtu. Kiswahili kikalichukua neno lile lile kwa uchaguzi wa viongozi, jambo lililo kinyume kabisa, kwa sababu humo mtu anatakiwa ajue anachokichukua. Anayesimama kituoni na majina sita asiyoyajua, akaweka alama kwa picha iliyomvutia, amerudi kwenye bakuli la upatu. Siku ya uchaguzi mkuu Mzanzibari mwenye haki zote hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Ya Rais wa Zanzibar aghlabu watu wanaijua. Waulize ya Diwani.

Kosa la pili ni la popo, nalo lina historia. Hapa kwetu mtu asiye na upande aliwahi kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Kati ya 1957 na 1963 Zanzibar ilifanya chaguzi nne, na miaka hiyo wazee wanaiita mpaka leo zama za siasa. Watu walisusiana maduka na mabasi, wakasusiana hata maziko. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja, na Baraza zima la Kutunga Sheria likagawika nusu kwa nusu, hata uchaguzi ukarudiwa Juni ya mwaka ule ule. Katika hali kama ile, ukimwambia jirani "mimi sina upande" anasikia "nakuficha upande wangu". Shaka hiyo wajukuu wameirithi.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kuegemea ni tendo la mwili: unaulaza mwili wako kwenye kitu chengine, uzito ukaelekea huko. Ami aliiegemea nguzo. Aliyeacha kuegemea hakutoweka. Yupo pale pale barzani, amesimama kwa miguu yake, na macho yake yanaona na moyo wake unapenda unachopenda. Kwa hivyo kutoegemea na kukosa msimamo ni mambo mawili mbali. Msimamo unatokana na kusimama. Iweje basi asiyeegemea awe ndiye asiye na msimamo?

Kuna na neno la tatu linalochanganywa humo, kufungamana. Tulilizoea kwa zile nchi zisizofungamana na upande wowote, zilizokutana Belgrade mwaka 1961. Kufungamana ni kufungwa pamoja: kadi, ada, katiba ya chama. Jumuiya inaweza isifungamane na chama chochote, haina kadi wala haipokei fedha yao, na bado karatasi yake ikaegemea vibaya sana. Na wenye kadi, ilimradi wawe wa vyama mbalimbali wakae meza moja wakikaguana, wanaweza kuandika karatasi isiyoegemea. La kwanza ni sifa ya mtu na usajili wake. La pili ni sifa ya kazi, nayo hupimwa kwenye karatasi. Sasa mtu akiniambia tu "sisi ni huru", ninajua kuhusu yeye. Kuhusu karatasi yake bado sijajua kitu.

Mpemba hahitaji mfano wa mbali. Karafuu zako ukishazianika zikakauka, unazipeleka kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa, nazo zinawekwa kwenye mizani. Mpimaji huenda ni shemegi yako. Huenda ana shamba lake Mtambwe na angependa bei ipande. Hayo hayakukeri. Unachokitazama ni mizani: imeanza sifuri? Mkono wake umetoka kwenye gunia kabla ya kusoma? Aliyepima kabla yako amepimiwa hapo hapo? Mpimaji asiyependa chochote duniani hukumuomba. Umeomba mizani iliyo sawa, na macho ya kuikagua unayo mwenyewe.

Wamarekani, ambao kazi hii wameifanya muda mrefu, wanalo jambo moja linaloonesha tofauti hiyo vizuri. Jumuiya ya League of Women Voters ilianzishwa mwaka 1920, mwaka ule ule katiba yao ilipowahakikishia wanawake haki ya kupiga kura. Huwapelekea wagombea maswali yale yale na kuchapisha majibu yao. Haimuungi mkono mgombea wala chama. Lakini juu ya masuala yenyewe, kama haki ya kupiga kura, ina misimamo yake na inaitetea hadharani. Ina msimamo, na mwongozo wake unatakiwa usiegemee, na hawaoni popo hapo. Mamlaka ya kodi ya huko nayo mwaka 1978 ilitoa uamuzi wenye mifano minne kwa jumuiya za hisani zilizosamehewa kodi, ambazo haziruhusiwi kuingia katika kampeni. Maswali ya mambo mengi kwa wagombea wote, yasiyopinda, yanakubalika. Maswali yaliyoundwa yakaonesha muulizaji anataka jibu gani hayakubaliki, hata kama majibu yamechapwa neno kwa neno. Yaani mizani ilipinda kwenye swali, kabla mgombea hajafungua mdomo.

Nalo ndilo kosa la tatu, la karatasi ya kijana. Andika hivi: "Je, utaendelea kumbana mkulima wa karafuu auze kwa shirika moja tu?" Nani atajibu ndiyo? Sasa andika hivi: "Nani aruhusiwe kununua karafuu kavu kutoka kwa mkulima, na kwa nini?" Hapo kila mgombea atalazimika kutoa alichonacho, na mwenye mikarafuu atajua yupi anamkaribia. Maneno yamebadilika machache. Kuna na kupinda kwa kumuuliza mtu lisilo lake. Nimeona maswali yanayomtaka mgombea ubunge aahidi skuli ya msingi ya shehia fulani. Skuli za Zanzibar si jambo la Muungano. Sheria na bajeti zake zinapita Baraza la Wawakilishi, kwa hivyo aulizwe Mwakilishi. Mbunge muulize polisi, uraia, kodi ya mapato, mambo ya nje. Taka za sokoni muulize Diwani. Ukimuuliza Mbunge skuli, mkweli atajibu "si langu" aonekane hana haja na watoto, na mwepesi wa ulimi ataahidi madarasa sita.

Mpangilio wa majina nao ni uzito. Wa kwanza husomwa, wa mwisho hurukwa. Fuata herufi, au piga kura kwa maana ile ya zamani, vikaratasi na bakuli, mbele ya mawakala wa wagombea wote. Hapo ndipo bahati inapostahiki kuamua. Picha ziwe za ukubwa mmoja, na kila mgombea ailete yake. Idadi ya maneno iwe moja, na atakayeizidi akatwe pale pale anapokatwa mwenziwe. Na asiyejibu asiandikiwe "hakupatikana". Iandikwe: alipelekewa maswali tarehe fulani kwa njia fulani, akakumbushwa tarehe fulani, hakujibu. Msomaji atajua mwenyewe la kufanya na ukimya huo.

Ami yangu, sikuombi uache upande wako; umeupata kwa miaka mingi na kwa gharama unazozijua mwenyewe. Ila aliyekupa karatasi isiyoegemea hakusema hana moyo. Amesema mkono wake hauko kwenye gunia, nawe una haki ya kuinama utazame. Na wewe kijana, ile uliyonionesha iite tangazo la mgombea wa kwanza. Tangazo si haramu, kila mgombea anaruhusiwa lake. Futa tu yale maneno ya juu kabla hujampelekea mwengine.