Kukatika Pumzi Usingizini: Upasuaji Unasaidia Nani?

Mke wangu anasema nakoroma, halafu naacha kupumua kabisa. Nifanyiwe upasuaji?

Usikimbilie huko. Kwanza upimwe usiku ukiwa umelala, ihesabiwe pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 30 hali ni kali. Wengi huanzia kwenye mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Kisu hufikiriwa mashine ikishindikana, au kizuizi kikionekana wazi.

Na kwa mtoto?

Kwake mara nyingi upasuaji ndio huanza: kuondoa tonsili na nyama za puani zilizovimba.

Daktari anajuaje pa kukata?

Hapo ndipo penye kazi. Njia ya hewa inaweza kujifunga nyuma ya kaakaa, nyuma ya ulimi, au kote kuwili. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, kamera nyembamba ikapitishwa puani, daktari akajionea panapoziba. Ukipunguza kaakaa laini na kilimi (kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa) ilhali kinachoziba ni ulimi, mtu atavumilia maumivu makali ya koo bure. Upasuaji huo wa kaakaa umefanywa sana tangu miaka ya 1980, na kwa maoni yangu umesifiwa kupita kiasi: kukoroma hupungua, ila pumzi inaweza kuendelea kukatika kimyakimya, na mgonjwa akadhani amepona.

Kuna ulio na nguvu zaidi?

Kusogeza mbele taya zote mbili hupanua njia ya hewa nyuma ya kaakaa na ya ulimi kwa pamoja. Hufaulu kwa wengi, lakini ni upasuaji mkubwa. Midomo na kidevu huweza kubaki na ganzi. Kipo pia kifaa kinachopandikizwa kifuani, kikashtua neva ya ulimi ili usogee mbele unapovuta pumzi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2014, kwa wagonjwa wa kuchaguliwa. Kutoboa koo hukwepa kizuizi chote, lakini huachwa mwisho.

Kunyoosha pua je?

Peke yake huponya mara chache. Humsaidia mtu kuivumilia mashine.

Nijihadhari na nini?

Mwambie mtoa nusukaputi mapema kuhusu tatizo lako, maana dawa za maumivu za jamii ya morfini hudidimiza pumzi. Ukishapona kidonda, rudia kipimo cha usingizi, hata kama mke wako hasikii tena mkoromo.