"Sikukusudia": je, neno hilo linafuta kosa?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mtu asiyekusudia ubaya hana kosa la jinai. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Kwa makosa mengi mazito, sheria za nchi nyingi hudai mambo mawili yakutane: tendo, na hali ya akili ya mtendaji. Ukibeba begi la mwenzako ukidhani ni lako, kwa kuwa yote mawili ni meusi na yana zipu ya namna moja, hujaiba. Lakini ukilifungua nyumbani, ukaona si lako, kisha ukaamua kubaki nalo, hapo mambo yanageuka.

Tena hali ya akili si makusudi peke yake, na naona hapa ndipo wengi tunapopotea. Dereva aliyemgonga mtu huku akisoma ujumbe kwenye simu hakutaka kuua, ila anaweza kutiwa hatiani kwa uzembe. Yapo na makosa, kama kuzidisha mwendo barabarani, ambayo mara nyingi hayaulizi nia kabisa. Aliyeiba dawa amtibu mwanawe naye alikusudia kuiba. Sababu yake, hata ikigusa moyo, huenda ikapunguza adhabu tu.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Tafuta kifungu cha kosa, usome maneno yake: "kwa makusudi", "huku akijua", "kwa uzembe". Yasipokuwepo, usikate shauri haraka, maana wakati mwingine mahakama hudai nia hata pale kifungu kiliponyamaza. Muulize wakili wa nchi husika.