Kigae chenye nakshi hakimfanyi mwenye nyumba kuwa kabaila

Kila nikionyesha watu vigae, yaani vipande vya vyungu, vya Waazteki, watu waliotawala Mexico kabla ya Wahispania, lazima mmoja aokote chenye nakshi nyeusi juu ya rangi ya chungwa, aseme, "Hapa aliishi kabaila." Kauli hiyo imenichosha. Inawadhulumu makabwela wa Mexico: kila kizuri kikitoka ardhini, anapewa tajiri.

Twende Cuexcomate, jimbo la Morelos, alipochimbua mwanaakiolojia Michael Smith mwaka 1986. Nyumba za wakulima zilikuwa za matofali mabichi, wastani wa mita za mraba 15 hivi. Humo humo vikatoka vyungu vya nakshi vilivyofinyangwa Bonde la Mexico, visu vya obsidiani (jiwe la volkano linalofanana na kioo) ya kijani ya Pachuca, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, hata sindano za shaba za kutoka magharibi. Watu hawa walikwenda sokoni, wakanunua. Walisokota pamba, wakafuma nguo, na nguo ilikuwa fedha.

Basi kabaila tunamjuaje? Kwa jengo lake. Jukwaa la mawe lililoinuliwa, lipu ya chokaa, vyumba kadhaa vikizunguka ua mmoja. Vyombo vya kigeni anavyo vingi kuliko jirani yake, lakini jirani naye anavyo. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu: piga magoti, soma sakafu kwanza. Kigae kimoja hakisemi kitu. Mwaga vyote mezani, hesabu, kisha linganisha nyumba kwa nyumba.

Nikishasema hayo naulizwa, "Mbona sheria iliwakataza makabwela kuvaa pamba?" Ndivyo alivyoandika padri Diego Durán baada ya Wahispania kuiteka nchi. Lakini amri ya ikulu haikuambii mkulima wa Morelos alikuwa na nini ndani. Jalala lake litakuambia.

Wake wa wakubwa hawakufanya kazi? Si kweli. Vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi vimetoka kwenye nyumba zao kama kwa wengine.

Na dhahabu? Mabaki ya ikulu ya Axayácatl, mfalme wa Waazteki, yaliyotangazwa mwaka 2020 chini ya jengo la Nacional Monte de Piedad, Mexico City, ni sakafu ya vibamba vya basalti, jiwe jeusi la volkano. Dhahabu Wahispania waliiyeyusha. Mche mmoja wa dhahabu wa karibu kilo 2 uliokotwa mwaka 1981, mafundi wakichimba msingi karibu na bustani ya Alameda.