Mahindi yanayozeeka yangali machanga: maswali ya wakulima na majibu

Mahindi yangu yana wiki nne tangu yaote, majani ya chini yamekuwa ya njano. Si kawaida majani ya kwanza kuzeeka?

Lile jani dogo la kwanza kabisa, lenye ncha ya mviringo, hufa lenyewe. Hilo liache. Lakini majani mawili matatu yakigeuka njano mahindi yakiwa bado hayajapita goti, hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Mmea ukiikosa ardhini hujila wenyewe: huvunja klorofili (ile rangi ya kijani) na protini za majani ya chini, ukaipandisha naitrojeni iliyomo kulisha majani machanga. Ndiyo maana juu panapendeza, na mwenye shamba anapita barabarani ameridhika.

Nitajuaje kuwa si upungufu mwingine?

Inama. Wengi hutusimulia shamba waliloliangalia wakiwa juu ya pikipiki. Shika jani la chini: njano ya naitrojeni huanzia nchani, ikateremka na uti wa katikati kwa umbo la V, kingo zikiwa bado kijani. Kingo zikiungua na uti ukabaki kijani, hiyo ni potasiamu. Njano ikianzia majani ya juu, shuku salfa.

Naweza kusubiri mbelewele zitoke ndipo niweke mbolea ya yurea?

Hapana. Kila msimu tunaulizwa hili, na kila msimu mfuko unakuwa umekaa stoo huku mahindi yanazeeka shambani. Mmea wenye majani saba au nane tayari unapanga gunzi litakuwa na mistari mingapi ya punje. Ukiulisha wakati wa mbelewele, mistari ile hairudi kuongezeka, na jani lililokauka halifufuki.

Mbolea ya kukuzia, kama hiyo yurea, iwekwe mahindi yakiwa magotini. Umeona njano kabla ya hapo? Weka wiki hii hii, udongo ukiwa na unyevu. Usisubiri mbelewele.

Jirani anasema ni mvua nyingi tu, jua likiwaka yatarudi.

Mvua imechangia kweli. Hasa kwenye udongo wa kichanga, huizamisha naitrojeni hadi mizizi michanga isiifikie. Basi hiyo ni sababu ya kuongeza mbolea, siyo ya kungoja! Jua halileti naitrojeni. Kama maji yametuama, fungua mfereji kwanza, kisha weka. Usisubiri.

Niweke kiasi gani?

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 9,000. Kizibo kimoja cha soda kwa shimo kitamaliza takriban mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50, wenye kilo 23 za naitrojeni. Palilia kwanza, la sivyo unalisha magugu. Weka umbali wa upana wa kiganja kutoka kwenye shina, ufukie. Tafadhali, ufukie: yurea iliyoachwa juu ya udongo hugeuka gesi ya amonia ikapaa, na ile harufu kali unayoisikia ni pesa yako.

Nikiyachuma yale majani ya njano niwape mbuzi?

Jani linaloanza kugeuka bado lina naitrojeni ambayo mmea unaendelea kuihamisha. Ukilichuma, umeunyang'anya hata akiba yake. Mbuzi mkatie nyasi.