Fremu ndiyo inayokula visukuku

Mgeni akiingia sebuleni kwangu huyatazama makasha yaliyoning'inia, kisha huuliza: "Haya mawe umeyatia kioo ya nini?" Nikimwambia ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, hucheka. Kwake yeye visukuku ni dainosa, ile mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ambayo Wajerumani waliifukua kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Visiwani, atakwambia, hakuna kitu.

"Zanzibar hakuna visukuku"

Mara nyingi anayesema hivyo ameegemea ukuta uliojengwa kwa visukuku. Jiwe la nyumba za Mji Mkongwe ni tumbawe la kale. Likipasuliwa unaona vijinyota vya matumbawe, na hapa na pale kombe limekwama humo humo. Pwani ya kusini ya Unguja, toka Jambiani hadi Makunduchi na Kizimkazi, imekaa juu ya mwamba wa aina hiyo hiyo, ambao zamani ulikuwa hai chini ya maji. Ni mwamba wa zama za Plaistosini, zama zilizoanza yapata miaka milioni 2.6 iliyopita. Mijusi ya Tendaguru ni ya yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kwa hiyo mtoto akikuuliza kama jiwe lako ni la dainosa, mwambie hapana, hawakukaribiana hata kidogo.

Wapo pia waliokosea upande wa pili, wanaodhani kila tawi jeupe la ufukweni ni kisukuku. Lile ni gofu la tumbawe lililokufa juzi, na zile kauri za wauzaji zinazong'aa sana huenda zilitolewa baharini zikiwa hai. Mapango nayo si pa kuokota. Pango la Kuumbi, huko Jambiani, lilitoa mifupa ya pundamilia, mnyama asiyepatikana Unguja leo, na mfupa kama huo ukihamishwa ovyo umeshapoteza habari yake. Mimi vyangu nimevitoa kwenye kifusi cha mtu aliyekuwa akichimba shimo la choo, kwa ruhusa yake, na alinishangaa. Ukikuta mfupa au kigae, kiache pale pale, uwaulize watu wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

"Ule unga mweupe ni uzee wa jiwe"

Hapa ndipo nilipoumia. Kasha langu la kwanza nilitengenezewa kwa plaiwudi mpya, ndani likabandikwa kitambaa kwa gundi nyeupe ya seremala, na kioo kikazibwa pande zote kwa silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Nilijisifu kweli: hata sisimizi asingeingia. Masika mawili yakapita. Siku nilipolishusha kulifuta, kauri zote zilikuwa zimefifia na makombe yamevaa unga kama yamepakwa wanja mweupe.

Bi mkubwa jirani alisema, "Mawe yamezeeka, mwanangu." Fundi akasema chumvi ya bahari. Rafiki yangu akasema ukungu, akanishauri niyapake spiriti. Sikuwalaumu, maana hata wasomi walipotea hapo. Mwaka 1899 Mwingereza mmoja aitwaye Loftus Byne aliandika juu ya unga huo kwenye makombe ya makabatini akadhani ni kazi ya bakteria, na mpaka leo wakusanyaji wanauita ugonjwa wa Byne. Si ugonjwa wala hauambukizi. Ni kemia tu.

Mbao hutoa mvuke wa asidi, ule ule wa siki, na gundi za plaiwudi huongeza aina nyingine. Silikoni yenye harufu ile nayo hutoa, na gundi nyeupe vilevile. Kombe na tumbawe ni kalsiamu kabonati, yaani ndugu wa chokaa, na chokaa na asidi havikai chumba kimoja. Hewa ikiwa na unyevu, kama yetu ilivyo, mvuke hula uso wa kombe na kuacha chumvi mpya nyeupe juu yake. Ukiifuta umefuta sehemu ya kombe lenyewe. Mng'ao uliokwenda haurudi.

Namna rahisi ya kutambua: weka jiwe moja kutoka ufuko ule ule nje ya kasha, juu ya rafu. Na lenyewe likitoa unga, laumu chumvi ya bahari. Likibaki safi huku wenzake wa ndani wanaota unga, laumu fremu.

"Ziba kabisa, vumbi lisiingie"

Hii ndiyo dhana mama. Vumbi linafutika. Mvuke uliofungiwa ndani hauna pa kwenda ila kwenye kombe. Sasa kioo changu kinaingia kwenye mfuo na kinachomoka kwa vidole viwili, na chini ya kasha kuna matundu manne yaliyofunikwa kitambaa chepesi. Nyuma nimegongomea vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, kwa sababu kuta zetu za mawe na chokaa hunyonya maji wakati wa masika na kuyapitisha kwa kila kinachozigusa.

Mbao natumia kuukuu, ya dirisha lililotupwa. Iliyokaa miaka mingi hutoa mvuke mchache kuliko mpya, ingawa haiachi kabisa, hivyo ndani nzima naitandika karatasi ya alumini ile ya jikoni, pembe hadi pembe, kisha juu yake kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili kwa maji matupu. Mtu atasema alumini ni ushamba. Haionekani, na ndiyo inayofanya kazi.

Kisukuku sikigandishi. Nakikatia kitanda kwenye lile povu jeupe linalofungia televisheni, lakini lile linalokunjika bila kuvunjika, si lile linalomwaga chembe. Sponji ya godoro usiiguse: ndani ya miaka michache inageuka njano, inamong'onyoka na kunata. Kizito zaidi nakishika kwa pini za shaba zilizovalishwa mrija mdogo wa plastiki. Msumari wa chuma huku kwetu ni kutu, na kutu kwenye tumbawe jeupe haitoki.

"Sugua kwa siki au ndimu"

Dondosha tone la ndimu kwenye jiwe usilolitaka, utazame povu. Hilo povu ndilo jiwe lako linavyoondoka. Maji matupu na mswaki laini vinatosha. Lililotoka ufukweni lilowekwe, maji yabadilishwe kila siku kwa wiki nzima au zaidi, likaushwe kivulini. Vanishi nayo usipake, hufungia chumvi ndani na baadaye hugeuka njano.

"Tia mchele, au karafuu"

Jamaa yangu wa Pemba hutia karafuu kila mahali, na nyumba yake inanukia kuliko yangu, hilo sibishi. Ila karafuu haikaushi hewa, na wapo wadudu wa ghala wanaoila yenyewe. Mchele unavuta unyevu kidogo na fukusi wengi. Vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu vikifika nyumbani huwa vimeshashiba, na kwenye kasha lenye matundu utakuwa unajaribu kuikausha Unguja nzima.

"La maana ni jina la kisayansi"

Jina utalitafuta hata mwakani. Mahali ulipokipata ukipasahau, pamekwenda. Andika kijiji, aina ya mahali, kina kama kulikuwa na shimo, na tarehe, kwa penseli, maana wino hufifia kwenye mwanga na hutawanyika ukilowa. Beit el-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa 1925, yaliwahi kuwa na mifupa ya dodo, yule ndege wa Morisi aliyekwisha toweka. Bila kikaratasi chake, nani angeitofautisha na ya bata mzinga?

Mwisho ni uzito. Makombe ishirini na mawe yake ni kilo kadhaa, na msumari kwenye plasta ya chokaa hutoka na plasta yake. Kasha langu moja lilianguka hivyo usiku. Sasa makasha ya mawe nimeyafunga kamba kwenye boriti, na mengine yamekaa rafuni.

Lile kombe la kwanza lililoliwa bado ninalo. Liko kona ya chini kulia, halina mng'ao, na kikaratasi chake kinasema: Kizimkazi, kifusi cha shimo, limeharibiwa na fremu.